Bili ya dola 3,860, bei ya dola 690: mnadaiwa ipi?

*"Tunaishi Marekani na mume wangu ana bima ya kazini. Aliumia goti, daktari akaagiza kipimo cha MRI. Nilikuwa nimesikia kwamba hospitali zinalazimika kuweka bei zao wazi, nikafungua tovuti ya hospitali, na kwa kipimo hichohicho nikakuta bei tatu: dola 3,860, dola 1,240 mbele ya jina la bima yetu, na dola 690 kwa anayelipa taslimu. Wiki tano baadaye ikaja karatasi ya bima: hospitali imetoza 3,860, bima imeruhusu 1,240, bima imelipa 0, tunadaiwa 1,240. Halafu ikaja bili nyingine ya dola 145 kutoka kwa madaktari ambao hatujawahi kuwaona. Bima yake ina didaktibo ya dola 3,000, na baada ya hapo tunachangia asilimia 20 hadi kikomo cha dola 6,500 kwa mwaka. Tunakatwa mshahara kila wiki mbili kwa bima ambayo haikulipa hata senti moja, na asiye na bima angelipa karibu nusu yetu. Jirani anasema tutume dola tano kila mwezi, hawatatufanya kitu. Tumeibiwa? Tulipe, tugome, au tuombe ile bei ya taslimu? Daktari anasema huenda goti likahitaji upasuaji kabla ya mwaka kwisha."*

Dada yangu, umefanya jambo ambalo wagonjwa wachache hulifanya: ulitazama bei kabla ya kipimo, ukaitunza, na sasa unaweza kuilinganisha na ulichotozwa. Kwa hiyo sitakujibu kwa jumlajumla. Hamkuibiwa, na bima haikukataa kulipa. Hata hivyo hisia yako kwamba kuna jambo lisilo sawa ina msingi, na sentensi yako ya mwisho, ile ya upasuaji, ambayo uliiandika kama nyongeza tu, ndiyo itakayoamua kama kupitia bima kumewatia hasara au kumewaokoa.

Tuanze na ile sifuri. Mtu akiona "bima imelipa 0" hudhani dai limekataliwa, ilhali hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Dai lililokataliwa huja na sababu ya kukataliwa na maelezo ya namna ya kukata rufaa. Dai lenu lilipokelewa, likakubaliwa na kupangiwa bei, kisha bei yote ikawekwa upande wenu kwa sababu mumeo alikuwa bado hajatumia hata dola moja ya didaktibo yake, yaani kile kiasi ambacho mwenye bima hulipa mwenyewe kila mwaka kabla bima haijaanza kuchangia matibabu. Bima nyingi za kazini za siku hizi zimejengwa hivyo: miezi ya mwanzo wa mwaka kampuni ya bima haitoi fedha, inachofanya ni kukuazima mkataba wake na hospitali. Mkataba huo ndio ulioishusha 3,860 ikawa 1,240. Lakini usiishukuru haraka kwa kuwaokolea dola 2,620, kwa sababu 3,860 haikuwa bei ambayo hospitali ilitarajia kulipwa na kampuni ya bima iliyo katika mkataba.

Kila hospitali ya Marekani ina orodha kuu ya bei yenye maelfu kwa maelfu ya mistari, kuanzia kidonge kimoja hadi saa moja ya chumba cha upasuaji. Namba zilizomo hupandishwa mwaka hadi mwaka bila kufungamana sana na gharama halisi, na sababu yake iko kwenye mikataba. Baadhi ya bima hulipa kiasi maalumu kwa kila huduma, nyingine hulipa kwa siku ya kulazwa, nyingine hulipa mara kadhaa ya kiwango cha Medicare, ambayo ni bima ya serikali ya wazee, na zipo zinazolipa asilimia fulani ya namba iliyoandikwa kwenye orodha kuu. Mikataba mingine hulipa kwa kiwango maalumu lakini ina kifungu kwamba mgonjwa akivuka gharama fulani, malipo yake yahamie kwenye asilimia. Hospitali yenye hata mikataba michache ya namna hiyo hupata faida kila inapopandisha orodha, na asiye na kinga ya mkataba wowote ndiye anayeumia. Taasisi ya utafiti ya RAND, ambayo kwa miaka kadhaa imekuwa ikilinganisha malipo haya, ilikuta kwamba mwaka 2022 waajiri na bima binafsi walilipa hospitali kwa wastani asilimia 254 ya kile ambacho Medicare ingelipa kwa huduma zilezile. Huo ni wastani wa bei baada ya majadiliano. Bei za orodha ziko juu zaidi.

Nilikaa miaka kadhaa kwenye dawati la madai la hospitali moja, kwa hiyo niruhusu nikuonyeshe njia ambayo karatasi yenu ilipitia. Mumeo alipotoka kwenye mashine, huduma yake iligeuzwa kuwa msimbo. MRI ya goti bila kuchomwa dawa ya kung'arisha picha ni 73721; ikifanywa bila dawa kisha ikarudiwa kwa dawa, ni 73723, na bei hupanda. Dai lilitumwa kwa kompyuta hadi kampuni ya bima, ambako programu iliuliza maswali yake kwa mpangilio: huyu ni mwanachama hai? Hospitali imo katika mtandao wetu, yaani kundi la watoa huduma wenye mkataba nasi? Idhini ya awali, yaani ruhusa ya bima kabla ya huduma, ilitolewa? Msimbo unaendana na ugonjwa? Mkataba unasemaje kuhusu msimbo huu? Na mwanachama amefika wapi kwenye didaktibo? Majibu yalirudi hospitali yakiwa na alama fupi. Dola 2,620 ziliwekewa alama CO-45, maana yake ni kwamba zimezidi bei ya mkataba na hospitali hairuhusiwi kumdai mgonjwa hata senti moja kati yake. Dola 1,240 ziliwekewa PR-1, maana yake ni kwamba zinamhusu mgonjwa kwa sababu ya didaktibo. Wewe hukuziona alama hizo. Ulitumiwa taarifa ya mafao, ile karatasi ambayo kwa kawaida huandikwa juu kwamba si bili, na watu huilipa hivyohivyo wakidhani ni bili.

Hapa pana hatua ya kwanza ya kuchukua, na ni ya leo. Msilipe chochote mpaka bili ya hospitali na taarifa ya mafao zote ziwe mezani na zikubaliane. Hospitali ikiwadai zaidi ya 1,240 kwa kipimo hicho, inadai sehemu ya CO-45, na simu moja kwa bima yenu hulimaliza. Ombeni pia bili iliyochanganuliwa mstari kwa mstari. Ikiwa mumeo hakuchomwa sindano yoyote siku ile lakini mstari unasema 73723, mna kosa la msimbo, na makosa ya namna hiyo si adimu hata kidogo.

Sasa kuhusu zile bei tatu za kwenye tovuti. Tangu tarehe 1 Januari 2021, kanuni ya serikali ya shirikisho inaitaka kila hospitali itangaze bei zake kwa njia mbili: faili kubwa la kusomwa na kompyuta lenye bei ya orodha, bei ya taslimu, bei iliyokubaliwa na kila bima, pamoja na bei ya chini kabisa na ya juu kabisa kati ya hizo; kisha orodha nyepesi ya huduma 300 ambazo mgonjwa anaweza kuzipanga mapema, 70 kati yake zikiwa zimetajwa na serikali yenyewe, au badala ya orodha hiyo, kikokotoo cha mtandaoni cha kukadiria gharama. Hospitali nyingi zilijikongoja mwanzoni. Faini za kwanza zilitolewa Juni 2022 kwa hospitali mbili za jimbo la Georgia, na kwa hospitali kubwa faini mwaka huo iliweza kufika dola 5,500 kwa siku. Kampuni za bima nazo, kuanzia Julai 2022, zimetakiwa kutangaza bei walizokubaliana na watoa huduma, na tangu 2024 kila bima inayohusika na kanuni hiyo lazima iwe na chombo cha kulinganisha bei kwa huduma zote inazolipia.

Kwa hiyo sheria imekupa ulichokiona, na namba iliyokuwa mbele ya jina la bima yenu ilikuwa ya kweli hadi dola ya mwisho. Kilichokosekana ni kwamba tovuti ya hospitali inaujua mkataba lakini haijui mumeo yuko wapi kwenye didaktibo yake. Jambo hilo kampuni ya bima ndiyo inayolijua, ndiyo maana chombo cha kulinganisha kilicho kwenye akaunti ya bima, ambacho hujumlisha mkataba na hesabu ya mwanachama, huwa na manufaa kuliko faili lolote la hospitali. Kingewaonyesha pia jambo jingine: vituo vya picha visivyo vya hospitali mara nyingi hufanya MRI ileile kwa bei ya chini sana ndani ya mtandao huohuo. Kanuni ya hospitali haivigusi vituo hivyo, kwa hiyo anayetafuta kwenye tovuti za hospitali tu hawezi kuvikuta.

Unauliza kwa haki kabisa: inawezekanaje mwenye bima alipe 1,240 na asiye nayo 690? Sehemu ya jibu ni kwamba taslimu humwondolea mhasibu wa hospitali madai, idhini, rufaa na miezi ya kusubiri, na fedha iliyokwisha kuingia ina thamani kuliko deni. Sehemu nyingine ni kwamba bei za mkataba hujadiliwa kwa mafungu. Kampuni ya bima inaweza kukaza kwenye upasuaji wa moyo na kulegeza kwenye picha, nayo hospitali inajua wapi pa kufidia. Na liko jambo ambalo watu wengi hawalijui: kwa waajiri wengi wakubwa, kampuni iliyoandikwa kwenye kadi ya bima haitoi fedha zake yenyewe. Mwajiri ndiye anayelipa matibabu kutoka mfukoni mwake, na kampuni ya bima hulipwa ada ya kuendesha kazi na kukodisha mtandao wake. Mimi naona mpangilio huo unapunguza sana uchungu wa kupigania bei, ingawa wenzangu waliobaki upande wa bima hubisha.

Tuje kwenye hesabu yenu. Nitaiacha ile bili ya 145 pembeni ili namba zisomeke. Kama goti litapona bila kisu na mumeo hatatibiwa kitu kingine mwaka huu, basi kupitia bima kumewagharimu dola 550 zaidi ya taslimu, na hapo una haki ya kununa. Tuseme sasa anapasuliwa Novemba na bei ya mkataba ya upasuaji ni dola 14,000, namba ninayoitumia kwa mfano tu. Zile 1,240 za MRI zimekwisha kuhesabiwa kwenye didaktibo, kwa hiyo zimebaki 1,760. Mtalipa hizo 1,760, kisha asilimia 20 ya 12,240 zilizosalia, ambayo ni 2,448. Ukijumlisha na MRI, mwaka mzima umewagharimu 5,448, chini ya kikomo cha 6,500. Kama mngelipa MRI kwa taslimu, didaktibo ingebaki nzima: 690, jumlisha 3,000, jumlisha asilimia 20 ya 11,000 ambayo ni 2,200, jumla 5,890. Ile bei iliyoonekana rahisi ingewagharimu dola 442 zaidi. Kwa hiyo kabla hujajilaumu, muulize daktari wa mifupa uwezekano wa upasuaji ni mkubwa kiasi gani, na kama unaweza kusubiri, uangalie kalenda pia: didaktibo hurudi mwanzo mwaka wa bima unapoanza upya, na MRI ya mwaka huu haitausaidia upasuaji wa mwaka ujao.

Je, mnaweza kuiomba ile 690 sasa? Kuomba hakukatazwi, lakini sitakupa tumaini la uongo: dai likishatumwa na kupangiwa bei, mkataba kati ya hospitali na bima kwa kawaida huifunga hospitali kwenye 1,240. Njia hiyo hutumika kabla ya huduma. Sheria ya faragha ya matibabu inampa mgonjwa haki ya kulipa huduma yote mwenyewe na kuitaka hospitali isiipelekee bima taarifa za huduma hiyo, nayo lazima ikubali. Ila kiasi hicho kwa kawaida hakitahesabiwa kwenye didaktibo, na umekwisha kuona hesabu hiyo inavyoweza kugeuka.

Bili ya 145 ina maelezo mepesi. Hospitali ilitoza mashine, chumba na fundi. Daktari wa radiolojia aliyesoma picha akaandika ripoti mara nyingi ni wa kampuni nyingine na hutuma bili yake. Bei ya tovuti haikumhusisha. Angalieni kama anayo taarifa yake ya mafao. Ikiwa yumo katika mtandao, mnadaiwa kile tu bima ilichoruhusu. Ikiwa hayumo, sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022 inamzuia daktari wa radiolojia anayehudumia ndani ya hospitali ya mtandao kuwadai zaidi ya ambavyo mngelipa kwa aliye ndani ya mtandao. Sheria hiyo inahusu pia huduma za dharura na ndege za wagonjwa. Ambulensi ya barabarani haikuwekwa, na sijawahi kusikia maelezo ya kuniridhisha kwa nini.

Kuhusu jirani, naomba usimfuate. Imani kwamba anayetuma dola tano kila mwezi hawezi kupelekwa kwa wakusanya madeni ni ya zamani na haina sheria nyuma yake. Hospitali hailazimiki kukubali kiwango ulichojipangia peke yako. Mpango wa malipo uliokubaliwa kwa maandishi ni kitu kingine, na hospitali nyingi huutoa bila riba ukiuomba. Ukipewa fomu ya kadi ya mkopo wa matibabu badala yake, isome kwa makini, kwa sababu baadhi ya kadi hizo hurudisha riba yote ya nyuma ukichelewa kumaliza deni. Na kabla ya mpango wowote, ombeni fomu ya msaada wa kifedha. Hospitali zisizo za faida zinalazimika na sheria ya kodi kuwa na sera ya msaada huo, kupokea maombi hadi siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya matibabu, na kutochukua hatua kali za ukusanyaji, kama kushtaki, ndani ya siku 120 za mwanzo. Kuwa na bima hakukunyimi haki ya kuomba. Kila hospitali ina masharti yake ya kipato, na familia zinazojiona kuwa "si maskini kiasi hicho" hushangaa kukuta zimo. Kama mnaogopa rekodi ya mikopo, kampuni kubwa tatu za rekodi hizo ziliacha kuonyesha madeni ya matibabu yaliyo chini ya dola 500 mwaka 2023, na makubwa zaidi hayaonekani hadi mwaka mmoja upite. Lenu la 1,240 liko juu ya mpaka huo, kwa hiyo lishughulikieni mapema.

Upasuaji ukiamuliwa, mwambie daktari aandike misimbo anayotarajia kutumia, kisha piga simu bima ukiwa na karatasi hiyo mkononi. Uliza kama idhini ya awali imetolewa na uandike namba yake. Uliza bei ya hospitali, ya daktari wa upasuaji na ya mtaalamu wa nusukaputi kila moja kivyake. Kisha uliza kama upasuaji huo unaweza kufanyika kwenye kituo cha upasuaji cha kutwa badala ya hospitali, kwa maana goti moja laweza kuwa na bei mbili zilizoachana sana kwa sababu ya jengo tu. Andika tarehe, saa na jina la aliyekujibu. Dai likija kukataliwa kweli, safari hii kwa maandishi yenye sababu, mna siku 180 za kukata rufaa ndani ya kampuni, na madai yanayohusu uamuzi wa kitabibu yanaweza kwenda kwa mkaguzi wa nje asiye wa kampuni hiyo.

Yapo mambo ambayo barua kama hii haiwezi kuyamaliza. Ikiwa hospitali inasema jambo moja na bima jingine kwa zaidi ya simu mbili, nendeni ana kwa ana kwenye ofisi ya washauri wa fedha wa hospitali mkiwa na karatasi zote mbili, mwombe wapigie bima nanyi mkiwa mmekaa hapo. Hospitali inayopokea fedha za serikali ya shirikisho inapaswa kuwapa mkalimani wa Kiswahili bila malipo. Msikubali mtoto wenu atafsiri mambo ya deni. Bima ikishikilia msimamo, muulizeni mwajiri kama yeye ndiye anayelipa madai: akiwa ndiye, malalamiko huenda Wizara ya Kazi ya Marekani, la sivyo, huenda idara ya bima ya jimbo lenu. Na siku ikija barua ya mahakama, hata kama mna hakika deni si lenu, msiiweke droo. Ina tarehe ya mwisho ya kujibu, na asiyejibu huhukumiwa bila kusikilizwa, kisha mshahara unaweza kukatwa. Ipelekeni wiki hiyohiyo kwenye ofisi ya msaada wa kisheria iliyo karibu, pamoja na taarifa ya mafao yenye ile 1,240.